"Dawa Ileile": Kisa cha Daktari Aliyeubeba Mji Kichwani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya waganga wakuu wa wilaya, waganga wafawidhi, wamiliki wa zahanati binafsi, na hasa watoto wa wamiliki hao. Majina, mkoa na tarehe vimeondolewa, na mambo madogo yanayowahusu wagonjwa yamebadilishwa ili wasitambulike. Nilikuwa mmoja wa watu wa halmashauri walioitwa baada ya zahanati kufungwa. Kwa hiyo yaliyotangulia siku hiyo nimeyapata kwa familia na kwa muuguzi, na yaliyofuata niliyaona mwenyewe.

Kinachosimuliwa hapa ni mwisho wa kazi ya daktari aliyependwa kupita kiasi. Wema wake ulisemwa msibani kutwa nzima na waliousema hawakutia chumvi. Kwa anayesimamia huduma za afya, somo limo katika wiki chache ambazo wagonjwa walikuwapo, dawa zilikuwapo kabatini, na hakuna aliyejua nani anakunywa nini.

Mji na daktari wake

Ni mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wenye gulio mara moja kwa wiki, kituo cha afya kimoja cha serikali, na barabara ya vumbi inayokwenda hospitali ya wilaya. Kiangazi ni safari ya saa moja na nusu. Masika usiahidi kitu.

Daktari huyu alipangiwa kituo hicho mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa tabibu kijana, akarudi chuoni baadaye kupanda ngazi hadi daktari msaidizi, kisha akaomba arudishwe palepale. Udaktari binafsi wa kujipatia faida ulikuwa umepigwa marufuku kwa sheria ya 1977. Uliporuhusiwa tena mwaka 1991, wenzake kadhaa walikimbilia mijini. Yeye alijenga vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, akawa anaona wagonjwa jioni baada ya kutoka kazini, na alipostaafu akiwa na miaka 60 akahamia huko moja kwa moja. Alikwenda pamoja na muuguzi waliyefanya kazi wote tangu enzi za kituo. Mji mzima ulimwita yeye Dokta na muuguzi Sista, na nitawaita hivyohivyo.

Mtu wa nje angedhani alipendwa kwa sababu hakudai pesa. Hilo lilikuwamo, lakini dogo. Alipendwa kwa sababu alijua. Mama akija na mtoto anayekohoa, Dokta alikuwa anajua kuwa babu wa nyumba hiyo alitibiwa kifua kikuu na kwamba wote wanalala chumba kimoja. Mzee akilalamika kizunguzungu, Dokta alimuuliza kwanza habari za ng'ombe na za mwana aliyeko Dar es Salaam, na kwa majibu hayo alikwishapima usemi, kumbukumbu na huzuni kabla hajagusa kipimo cha presha.

Nitoe mfano mmoja ambao Sista aliusimulia. Mtu akifa kwa kiharusi, Dokta alikwenda msibani na mashine ya presha ndani ya mkoba. Baada ya mazishi, watu wakisubiri chakula, aliwaita ndugu wa marehemu mmoja mmoja pembeni ya nyumba, chini ya mparachichi, akawapima. Wengine walichukia. Lakini kwa njia hiyo aliwakuta watu wa miaka thelathini na kitu wenye presha ya kutisha, ambao wasingefika kituoni mpaka mdomo upinde. Sijaona mpango wa wizara unaowafikia watu wa namna hiyo kwa gharama ya kikombe cha chai.

Jinsi kumbukumbu zilivyotunzwa

Kama ilivyo kawaida katika zahanati zetu nyingi, mgonjwa alitunza daftari lake mwenyewe: daftari la shule, limekunjwa katikati, linanuka moshi wa jikoni. Dokta aliandika humo kila safari. Ukurasa mmoja wa mama mwenye presha na kisukari ulisomeka hivi, mstari baada ya mstari kwa miezi: "Presha bado juu kidogo. Dawa ileile." "Nafuu. Dawa ileile. Apunguze chumvi." "Miguu imevimba. Dawa ileile, aongeze ile nyeupe." "Kama kawaida. Aje na mumewe."

Kwa Dokta ukurasa huo ulikuwa umekamilika. Alijua dawa ni ipi, nyeupe ni ipi, na kwa nini mume aitwe. Kwa daktari mwingine yeyote ni ukurasa mtupu.

Zahanati ilijaza pia vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, kama sheria inavyotaka, tena vizuri. Lakini vitabu hivyo huhesabu: wagonjwa wangapi wa malaria, wangapi wa presha, umri gani, jinsi gani. Ukivisoma unajua mzigo wa kituo. Humpati mtu fulani, anayekunywa vidonge fulani, ambaye hajaonekana tangu mwezi uliopita.

Kulikuwa na kitabu cha tatu, daftari la madeni, ambalo Dokta alilificha kwenye droo hata Sista asilione. Nitalirudia.

Dalili ambazo kila mtu aliziona

Alipovuka miaka sabini alianza kuchoka. Mwandiko ukapinda. Siku moja aliandika dawa mseto ya malaria kwa mtoto wa kilo tisa, vidonge viwili kwa kila dozi badala ya kimoja. Sista alisoma, akamtazama, akatoa kimoja kimoja na kumwelekeza mama wa mtoto ipasavyo. Hakusema neno. Tangu siku hiyo akawa anasoma kila karatasi mara mbili kabla ya kufungua kopo.

Dokta mwenyewe alikuwa na presha. Alijipima mwenyewe, alijiandikia mwenyewe, na dawa zikipungua kabatini alimwachia mgonjwa. Hakuna mtu aliyekuwa daktari wake.

Sista alimweleza mke wa Dokta, ambaye hapa nitamwita Mama. Mama akamweleza mtoto mkubwa kwa simu. Mtoto akampigia baba: "Baba, shikamoo. Sasa si upumzike?" Jibu lilikuwa, "Nikipumzika, hawa unaowaona kwenye benchi utawaona wewe?" Mazungumzo yakaishia hapo, na kila aliyekuwa na hofu akaona ametimiza wajibu wake kwa kuipeleka hofu kwa mwingine. Mganga mkuu wa wilaya naye alikuwa amesikia. Aliniambia baadaye kuwa hakuona angeanzia wapi kumwita mtu aliyemchanja yeye mwenyewe chanjo za utotoni.

Kiharusi, na wiki zilizofuata

Jioni moja ya siku ya gulio Dokta alishindwa kuinua stetoskopu kwa mkono wa kulia. Alijitambua kabla ya wengine, akanyosha kidole mdomoni kumwonyesha Sista kuwa umepinda. Walimpeleka hospitali ya wilaya usiku huohuo, kisha hospitali ya rufaa.

Zahanati ilifungwa. Mlangoni hakukubandikwa tangazo lolote. Familia ilikubaliana kusema amesafiri kwa watoto na atarudi. Sababu zao zilieleweka: walitumaini kweli kwamba atarudi, na hawakutaka mji mzima ufunge safari kwenda wodini kumsumbua. Lakini mgonjwa aliyeambiwa daktari amesafiri hutenda jambo moja, husubiri. Benchi halikukaa tupu. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka, wakaja tena wiki iliyofuata, huku vidonge vyao vikiisha nyumbani.

Kabati la dawa za kudhibitiwa lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali aliyokwenda nayo hospitali. Ndani ya kabati kulikuwa na fenobabitoni. Dawa hiyo ya kifafa ukiikatiza ghafla, degedege huweza kurudi kwa nguvu kuliko ilivyokuwa kabla ya matibabu. Kijana mmoja aliyekuwa ametulia kwa miaka alianza kuanguka mfululizo siku chache baada ya vidonge kwisha. Aliangukia jikoni na kuungua mkono. Walipomfikisha hospitali ya wilaya, tabibu wa zamu alifungua daftari kutafuta dozi, akakuta maneno mawili.

Mzee mmoja mwenye presha alifariki nyumbani wiki ya nne. Familia yake inaamini ni kwa sababu ya kukosa dawa. Huenda ni kweli, huenda siyo, maana hakuna aliyempima kabla wala aliyemchunguza baadaye.

Kitu kimoja kilinishtua nilipofika. Mji huohuo ulikuwa na watu wengi wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, na wengi wao walimpenda Dokta kama wengine. Hakuna aliyekosa dawa kwa sababu ya kiharusi chake. Wao walikuwa chini ya kliniki ya tiba na matunzo ya kituo cha afya: mgonjwa ana kadi yake ya CTC1, kituo kina kadi ya CTC2 yenye dozi na tarehe za mahudhurio, na asipofika hutafutwa hadi nyumbani. Kwa hiyo mtaa mmoja, katika mwezi uleule, mwenye VVU aliendelea na dawa zake na jirani yake mwenye presha akapotea.

Maamuzi

*Sista kufungua dirisha.* Siku ya kumi hivi, mama wa kijana yule wa kifafa alikuja kulia mlangoni. Sista hakuwa na mamlaka ya kuandika dawa, na leseni ya zahanati ilimtaja Dokta. Hata hivyo alifungua dirisha la dawa. Aliamua kutompa mtu dawa mpya wala kubadilisha dozi. Aliyekuja na kopo au karatasi tupu ya vidonge aliongezewa vilevile vya wiki mbili, na jina lake likaandikwa. Jioni alilipeleka daftari hilo kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya, kijana wa miaka ishirini na tisa, ambaye alikubali kulipitia na kuweka sahihi. Kisheria wote wawili walikuwa pembezoni. Nilipoulizwa maoni nilisema aliyestahili kuhojiwa ni sisi tuliokuwa bado tunaandikiana barua.

*Halmashauri kuwahamisha wagonjwa.* Kulikuwa na pendekezo la kumtafutia Dokta mtu wa kumshikia zahanati. Mganga mkuu wa wilaya alilikataa: zahanati ilikuwa inajiendesha kwa hasara, na mtu mgeni angerithi hasara bila kurithi mapenzi. Iliamuliwa wagonjwa wa kudumu wapokelewe kituo cha afya, siku moja kwa wiki, na Sista akae meza ya kwanza. Kamati ya usimamizi wa kituo iliidhinisha alipwe kibarua cha miezi mitatu kutoka mapato ya kituo. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tumlipe mtu kwa kukaa tu. Siku ya kwanza ya kliniki alipata jibu bila mtu kufungua kinywa, maana wagonjwa walipanga foleni kwenye meza ya Sista na kumruka tabibu.

*Daftari la madeni.* Orodha ilipoanza kutengenezwa tulikuwa na madaftari ya wagonjwa yaliyojaa "dawa ileile", na kumbukumbu ya Sista, ambayo ilikuwa nzuri kwa sura na dhaifu kwa miligramu. Hapo Mama akatoa kwenye droo lile daftari la madeni. Dokta aliyefupisha kila kitu alipoandika ugonjwa hakufupisha chochote alipoandika deni, kwa kuwa bei ilitokana na idadi. Jina, kijiji, tarehe, nifedipini vidonge kadhaa, metfomini kadhaa, bendro kadhaa. Tuliweza kujua nani anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho alichukua lini. Kumbukumbu bora ya tiba katika mji ule ilikuwa kitabu cha mkopo.

Hapo pakazuka ugomvi. Mtoto mmoja wa kiume alitaka madeni yakusanywe, na alikuwa na hoja: baba yake alidaiwa na duka la dawa la jumla, na tulipopiga hesabu tuligundua kuwa kwa miaka mingi zahanati iliendeshwa na pensheni ya Dokta pamoja na shamba la chai la Mama. Mama alikubali daftari linakiliwe kwa masharti mawili: lirudi mikononi mwake, na mgonjwa yeyote asiulizwe shilingi kwa kisingizio cha orodha. Tulinakili majina na dawa, tukaacha safu ya fedha. Deni la duka lililipwa na watoto. Baadhi ya wadaiwa walijileta wenyewe, mmoja kwa gunia la mahindi.

*Dokta kukaa kwenye benchi.* Alirudi nyumbani baada ya miezi miwili, ulimi mzito, mkono wa kulia hauna kazi. Watu wakajaa uwanjani wakisema amepona, sasa zahanati ifunguliwe. Mfawidhi kijana ndiye aliyepata wazo. Alimwendea jioni, akamwamkia, akakaa chini kuliko kiti cha mzee, akamwomba aje kituoni siku za kliniki. Hakumwomba atibu. Alimwomba akae.

Alikuja. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa tabibu, koti jeupe hakulivaa. Kila mgonjwa aliyemwamkia alimshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akamwelekeza mlangoni, akasema polepole maneno ambayo mwanzoni ilibidi Sista ayarudie: "Huyu ni kijana wangu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi." Wengine alikwenda nao ndani. Alifanya hivyo kwa takriban miezi mitatu, na mahudhurio ya kliniki yalipanda kila wiki aliyokuwapo.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye wengi wa waliokuwa kwenye orodha walikuwa wanahudhuria kituo cha afya, na kila mmoja ana kadi yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya kurudi. Kijana wa kifafa alirudishiwa dawa, mkono umepona ila vidole viwili havikunjiki. Dokta alifariki mwaka wa pili kwa kiharusi kingine. Mfawidhi alihamishwa kama kawaida ya serikali, na aliyempokea alikuta orodha, akaendelea nayo.

Waliopotea ni wanaume wa makamo waliokuwa wanapimwa misibani, na wazee wa milimani waliokuwa wanafuatwa nyumbani.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la siku ya kiharusi. Lilijengwa kwa miaka thelathini na watu wote pamoja, kwa nia njema. Kadiri Dokta alivyokumbuka, ndivyo wengine walivyoacha kuandika. Hospitali ya wilaya ilizoea kumpigia simu badala ya kudai barua ya rufaa yenye maelezo. Wagonjwa walizoea kutojua majina ya dawa zao. Hata mimi ningezoea, maana simu ilijibiwa kila mara.

Heshima ilifanya kazi mbili katika kisa hiki, na wanaofundisha wasiitaje moja wakaacha nyingine. Ndiyo iliyowafunga mdomo Sista, mtoto na mganga mkuu wakati mzee anaanza kukosea. Hiyohiyo ndiyo iliyofanikisha makabidhiano: kama mfawidhi asingekaa chini kuliko kiti cha mzee jioni ile, tungekuwa na orodha nzuri na kliniki tupu. Aliyekosekana mapema ni mtu mwenye hadhi ya kumwambia. Daktari mzee anayefanya kazi peke yake anahitaji daktari wake, tena awe wa rika au aliyemtangulia, na halmashauri inaweza kumtafuta mtu huyo kabla ya kutafuta mkaguzi.

Familia kuficha ugonjwa ndilo kosa lililokuwa rahisi kuliko yote kuepukwa. Tangazo la sentensi mbili kanisani, msikitini na kwenye gulio lingewaondoa watu kwenye benchi wiki ya kwanza. Anayeogopa wageni wodini anaweza kusema hilo pia. Watu wetu wakiombwa wasije, wengi hawaji.

Baada ya kisa hiki wakubwa wangu waliandika pendekezo la kuweka kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta, lakini kliniki ya VVU ya mji uleule ilifanya kazi kwa kadi za karatasi, mtu wa kuzipanga, na mtu wa kumfuata asiyekuja. Ugonjwa wa presha haukuwa umepewa hivyo vitatu. Mfumo wowote ambao humwacha daktari aandike "dawa ileile" utayahifadhi maneno hayo vizuri tu.

Dirisha la Sista litajadiliwa kila kisa hiki kikifundishwa. Msimamo wangu ni kwamba alichagua vizuri kwa sababu alijiwekea mpaka, aliandika, na alitafuta sahihi ya mwenye mamlaka siku ileile. Kabati la fenobabitoni hakulivunja, na yapo maoni kuwa angelivunja. Ufunguo wa pili wa kabati, kwa mtu aliyetajwa kwa maandishi, ungetuondolea mjadala wote huo.

Udaktari wa familia sasa unasomewa kama ubingwa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan wanaufundisha hapa nchini, Dar es Salaam. Wahitimu ni wachache na sitegemei mmoja wao apangiwe mji ule hivi karibuni. Lakini kazi aliyoifanya Dokta ina sehemu ambayo haihitaji shahada, nayo ndiyo tuliyoshindwa kuirithi: kwenda. Kupima ndugu wa marehemu, kumfuata mzee asiyeweza kushuka mlima. Tulihamisha dawa na majina, hatukuhamisha miguu. Kamati ya kituo imeweka nauli ya pikipiki kwenye bajeti mara mbili na mara zote mbili ikakatwa ngazi ya juu, kwa maelezo kwamba hakuna kifungu. Kwa sasa anayepanda huko ni Sista, kwa bodaboda, na nauli anatoa Mama.